Kishetani cha Shaba na Shetani wa Mpingo

Kuna wimbo wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, unaosimulia habari za farasi jike wa kijivu wa Tom Pearce. Kundi la wanaume linamwazima ili liende gulioni Widecombe, kijiji kilichoko kwenye nyika ya Dartmoor. Majina yao yanatajwa moja baada ya jingine, la mwisho likiwa la mzee Tom Cobley. Siku zinapita, farasi harudi. Mwenyewe anatoka kwenda kumtafuta, anamkuta yu hoi, na baada ya kufa kwake mzuka wake unaonekana usiku nyikani, mweupe, ukiandamana na kundi lile lile. Kasisi Sabine Baring-Gould, aliyezunguka vijijini akikusanya nyimbo za wakulima, aliuchapisha wimbo huo mwishoni mwa karne ya 19, na Widecombe ikapata umaarufu ambao haikuwa nao. Wageni walipoanza kumiminika, walikuta picha ya yule farasi aliyepakiwa foleni nzima ya watu mgongoni imesubiwa katika shaba na inauzwa kama kidani cha farasi.

Kidani cha farasi ni pambo la kumpendezesha mnyama wa kazi. Hapa kimebeba kisa cha mnyama aliyeuawa na kazi. Sidhani kama kuna mwendesha gari la farasi ambaye angemvika mnyama wake pambo la namna hiyo, na ukweli ni kwamba halikutengenezwa livaliwe. Lilitengenezwa litundikwe kwenye ukanda wa ngozi, kando ya meko, katika nyumba ambayo huenda haijawahi kuwa na farasi. Scotland nako kuna ndugu yake: Meg, farasi wa Tam o' Shanter katika utenzi wa Robert Burns wa mwaka 1791, anayefukuzwa na wachawi hadi kwenye daraja la mto Doon. Wachawi hawawezi kuvuka maji yanayotiririka, basi Meg anaokoka, lakini mkia wake unabaki mkononi mwa mchawi. Naye amepata shaba yake.

Wakusanyaji wa mapambo haya wana dharau kubwa kwa vidani vya ukumbusho vya aina hii. Kwao kidani halali ni kile kilichotoka kifuani mwa farasi, na hivi vyenye wahusika wa hadithi kama Pickwick, Robin Hood, Lady Godiva na kishetani wa Lincoln ni takataka za maduka ya watalii. Mimi naona kosa lipo, ila silo wanalolitaja wao. Ili nilionyeshe inabidi nivitoe vidani hivi Uingereza na kuviweka kando ya mikokoteni ya Sicily na vinyago vya Wamakonde, kwa kuwa kote huko ngano na hadithi zimeingia katika kazi za mikono zinazouzwa, na kila mahali zimeingia kwa mlango tofauti.

Kwanza hicho kidani halali. Enzi yake ni nusu ya pili ya karne ya 19, wakati miji ya Uingereza ilipokuwa ikilishwa na kuvalishwa kwa nguvu za farasi wakubwa wa kukokota: makaa ya mawe, bia, unga, mizigo ya stesheni, vyote vilipita barabarani kwa kwato. Vidani vilitengenezwa hasa Birmingham na Walsall, mji uliojaa mafundi wa ngozi na matandiko kiasi kwamba timu yake ya mpira hadi leo inaitwa kwa jina la kazi hiyo. Shaba iliyotumika ni ile ya rangi ya dhahabu, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ikimiminwa kwenye kalibu za mchanga. Vidani vilining'inia kwenye ukanda ulioshuka kutoka kwenye kola hadi chini ya kifua, kimoja kikakaa kwenye paji la uso, na farasi alipotembea vilipigapiga na kumetameta. Waendeshaji wengi walivinunua kwa pesa zao wenyewe, ingawa farasi alikuwa mali ya tajiri. Mwaka 1885 London ilianzisha gwaride la kila mwaka la farasi wa mikokoteni ili kuwahimiza waendeshaji wawatunze wanyama wao, na shaba iliyosuguliwa vizuri ikawa ushahidi kwamba huyu bwana anaijali kazi yake.

Ukikigeuza kidani cha zamani utaona mambo ambayo mbele hayaonekani. Fundi aliacha vijiti viwili vifupi vya shaba mgongoni ili apate pa kukishikia kwenye jiliwa wakati akipiga tupa kingo. Alipomaliza alivikata, na pale vilipokuwa pamebaki madoa mawili unayoweza kuyapapasa kwa kidole. Tundu la juu, linalopitishwa ukanda, limelika upande mmoja kwa miaka ya kuvutwa na ngozi. Na sehemu iliyolalia ukanda imekuwa laini kuliko nyingine, kwa sababu kila hatua ya farasi ilikuwa ni msuguo. Kidani kilichozaliwa kwa ajili ya ukutani hakina mliko huo, na ndiyo maana wapo wanaokikwangua kwa makusudi ili wakiuze kwa bei ya kitu cha kale. Biashara ya vinyago vya Afrika inaujua ujanja huu vizuri: sura mpya inafukizwa moshi, inasuguliwa udongo, inapewa babu ambaye haikuwa naye.

Tamaa hiyo ya kukipa kitu umri mkubwa ilianzia kwa wasomi. Mwaka 1895 Frederick Thomas Elworthy, mtu wa Somerset, alichapisha kitabu kizima juu ya jicho baya, na humo akayaweka matandiko ya farasi wa Naples, Italia, kando ya yale ya London. Naples, mapambo ya farasi yalikuwa kinga ya wazi dhidi ya husuda: pembe, mwezi mwandamo, kitu cha kung'aa kinachonasa mtazamo wa kwanza ili usimfikie mnyama. Kutokana na kufanana huko likaenea wazo kwamba vidani vya Kiingereza ni hirizi za kale zilizorithiwa tangu zama za kuabudu jua na mwezi. Wazo likapendwa, likaingia kwenye vitabu vya wakusanyaji na kwenye vikaratasi vya madukani. Watafiti wa baadaye hawakupata mnyororo wowote unaounganisha hirizi hizo za kale na viwanda vya Walsall. Walichokikuta ni orodha za bidhaa zenye michoro mingi, kila kiwanda kikibuni kinachouzika: nanga, nyota, moyo, uso wa Malkia Victoria kwa jubilii zake za 1887 na 1897.

Msomaji wa pwani yetu atalielewa kosa la Elworthy kwa haraka, maana hirizi tunaijua. Hirizi hufungwa ndani ya ngozi au kitambaa, huvaliwa chini ya nguo, na nguvu yake iko katika maandishi ambayo hakuna mtu anayeyaona. Kung'aa peke yake hakukifanyi kitu kuwa kinga. Lazima wawepo watu wanaomwogopa mwenye husuda na wanaojua pambo lile limewekwa kwa ajili yake. Naples watu hao walikuwepo. Kwa mwendesha gari wa London pambo lile lile lilikuwa fahari ya kazi, na sioni kwa nini fahari ihesabiwe kuwa asili duni kuliko uchawi.

Basi kama kidani halali nacho ni bidhaa ya kiwandani yenye umri wa vizazi vichache tu, hoja ya wakusanyaji inapoteza mguu mmoja. Cha ukumbusho hakiwezi kuhukumiwa kwa kosa la kutengenezwa ili kiuzwe, kwa kuwa vyote viwili vilitengenezwa ili viuzwe.

Hebu tuvuke bahari twende Sicily. Mkokoteni wa kisiwa kile ulienea katika karne ya 19, barabara zilipoanza kupitika kwa magurudumu, na haukuchukua muda mrefu ukawa umefunikwa kwa picha kuanzia mbao za ubavuni hadi mihimili ya magurudumu. Magharibi, kuzunguka Palermo, rangi ya msingi ni njano. Mashariki, kuzunguka Catania, ni nyekundu. Kila ubavu una vyumba viwili vya picha, na ndani ya vyumba hivyo wamo Orlando, Rinaldo, Angelica, Mfalme Charlemagne na mashujaa wake wakipigana na Wasaraseni. Farasi au punda anavalishwa manyoya marefu kichwani, kengele, vioo vidogo na shada za rangi.

Hadithi hizi zina asili ya mbali. Vita vya Roncesvalles, alikofia Roland wa kweli, yule ambaye Waitalia humwita Orlando, vilikuwa mwaka 778. Washairi wa Ufaransa wakavitunga, Waitalia wakavikuza, Ludovico Ariosto akamfanya Orlando awe kichaa wa mapenzi katika utenzi wake uliotoka mara ya kwanza mwaka 1516. Lakini mchukuzi wa ndimu wa Bagheria, karibu na Palermo, hakuhitaji kumsoma Ariosto. Alikwenda kwenye ukumbi wa pupi, vikaragosi vizito vya mbao vyenye deraya za chuma, na huko hadithi iliendelezwa usiku baada ya usiku, miezi kadhaa, hadi itimie. Kati ya 1858 na 1860 Giusto Lodico alikusanya visa hivyo katika kitabu kinene cha nathari, kikawa ghala la wachezesha vikaragosi. Watazamaji wengi hawakujua kusoma, lakini walijua nani ni mpwa wa nani, upanga gani ni wa nani, na msaliti Gano di Maganza alipotokea jukwaani walimzomea kwa hasira ya kweli.

Mtu huyo akienda kwa mchoraji kuagiza mkokoteni, hamwambii tu amchoree pambo zuri. Anachagua tukio. Mmoja anataka Rinaldo, kwa kuwa Rinaldo hamwogopi mfalme. Mwingine anataka Orlando anavyokufa. Kisha anapita nao kijiji baada ya kijiji, na kila anayeutazama anajua kabla ya picha hii kulitokea nini na baada yake kitatokea nini. Picha inaonyesha kipande kimoja tu cha hadithi, na watu wa barabarani wanajaza mengine yote. Hapa ndipo napaona penye utajiri kuliko kokote katika habari hii: chombo cha kazi, mnyama, mchoraji, mchezesha vikaragosi na mpita njia, wote wamo katika masimulizi mamoja, na hakuna hata mmoja anayehitaji kuelezwa.

Linganisha na Pickwick wa shaba. Charles Dickens alikitoa kitabu chenye mhusika huyo kwa mafungu ya kila mwezi kati ya 1836 na 1837, na visa vyake amevirudisha nyuma hadi miaka ya 1827 na 1828. Ni kitabu cha magari ya farasi na nyumba za wageni za njiani, kilichoandikwa wakati reli ikianza kuviua vyote viwili: reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa 1830, na kufikia 1838 London na Birmingham zilikuwa zimeunganishwa. Kwa hiyo hamu ya kuwakumbuka farasi ilikuwamo ndani ya kitabu chenyewe tangu siku ya kwanza. Aliyemsubu Pickwick katika umbo la kidani, karibu karne moja baadaye, malori yakiwa yanawaondoa farasi mijini, aliongeza huzuni juu ya huzuni. Nakiheshimu kidani hicho kwa sababu hiyo. Kina haki ya kuwa cha farasi kuliko vingi vilivyovaliwa na farasi. Tofauti yake na ubao wa Sicily ni kwamba Pickwick amesimama peke yake, kitambi mbele, miwani usoni, haendi popote. Hakuna tukio. Mnunuzi anamtambua, basi; hapewi kisa cha kuendeleza.

Sasa nije kwenye ulinganisho ulionifanya niandike makala hii.

Ndani ya kanisa kuu la Lincoln, sehemu ya mashariki iliyokamilika mwaka 1280, juu kabisa kati ya matao mawili, ameketi kishetani wa jiwe. Mguu mmoja umepandishwa juu ya goti la mwingine, masikio mapana, meno nje. Inasimuliwa kwamba Shetani aliwatuma vijana wake wawili duniani wakafanye fujo. Wakaingia kanisani, wakavunja meza na viti, wakamsumbua askofu, mpaka malaika alipotokea. Mmoja alikimbia. Mwingine alipanda juu akamrushia malaika mawe, akageuzwa jiwe pale pale. Katika miaka ya 1880 sonara wa mjini, James Ward Usher, alijipatia haki ya pekee ya kuitumia sura hiyo. Akatengeneza pini za tai, vifungo vya mikono ya shati, vijiko. Mitindo ikashika, na yeye akatajirika. Alipofariki mwaka 1921 aliuachia mji makusanyo yake na fedha za kujengea jumba la sanaa, likafunguliwa 1927. Kwa sehemu kubwa, jumba lile ni matunda ya kishetani. Na kati ya vitu vya shaba vilivyofuata, kidani cha farasi chenye kishetani wa Lincoln ni miongoni mwa vile utakavyokutana navyo mara nyingi.

Upande wa pili, Dar es Salaam. Wamakonde kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, walikuwa wamevuka Ruvuma kwa miongo mingi kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge. Kuchonga walikujua: vinyago vya mapiko vilikuwa vya ngoma za jando na unyago, si vya kuuza. Mjini walichonga kwa mpingo, na wateja walitaka wazee wenye mkongojo, wanawake wenye mitungi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1959 mchongaji Samaki Likankoa alikuwa na sanamu ya mtu iliyovunjika. Badala ya kuitupa, akaiendeleza katika umbo ambalo si la binadamu tena, akampelekea mfanyabiashara Mohamed Peera na kumweleza kuwa huyu ni shetani, kiumbe wa porini anayejulikana kwao. Peera alivutiwa na kumtaka alete wengine. Ndipo wakaanza kumiminika: wa jicho moja, wa mguu mmoja, wenye maziwa yaliyojisokota, wenye tumbo lililo tundu tupu, wazuri na wabaya, wa majini na wa vichakani.

Angalia vinavyofanana. Kote kuna shetani wa simulizi za watu. Kote kuna mfanyabiashara mwenye jicho, bila yeye kitu kisingeenea. Kote wanunuzi ni wageni ambao hawakukulia katika simulizi hiyo. Anayeamini kwamba biashara huua ngano angetegemea matokeo yawe yale yale. Hayakuwa.

Kishetani wa Lincoln amebaki na mguu wake juu ya goti kwa zaidi ya miaka 130. Katika pini, katika kigongeo cha mlango, katika kidani, ni mkao ule ule. Yule mwenzake aliyekimbia, ambaye hadithi imemwachia ulimwengu mzima wa kufanyia fujo, hajapewa nafasi hata kidogo ya kushindana naye madukani. Sanamu imeimeza hadithi. Shetani wa mpingo kinyume chake alizidi kuzaa. Kwa kuwa hapakuwa na umbo moja la kunakili, kila mchongaji ilimbidi arudi kwenye alivyosikia kwa bibi yake, au kwenye ndoto, au kwenye umbo la gogo lenyewe lililompa kiungo cha kuanzia. Mnunuzi akiuliza huyu ni nani, mchongaji anajibu kwa kusimulia. Msanii George Lilanga akawatoa mashetani hao kwenye mpingo na kuwaingiza kwenye picha za rangi, akawafanya wapike, wabebe watoto, wagombane, waishi mjini kama majirani zetu.

Kwa hiyo kosa ninaloliona katika vidani vya ukumbusho ni kwamba mwenye kutengeneza alinyang'anywa ruhusa ya kuibadilisha hadithi. Msicilia aliyechagua tukio alikuwa na ruhusa hiyo. Likankoa aliichukua siku sanamu yake ilipovunjika. Hata mwendesha gari wa London alikuwa nayo, ingawa hakuchora wala kusubu chochote: yeye ndiye aliyeamua nanga ikae juu ya malkia au malkia juu ya nanga, akaongeza kimoja mwaka huu na kingine mwakani, hadi ukanda wa farasi wake usifanane na wa mtu mwingine mtaani. Kwenye maonyesho ya kilimo ya Uingereza, ambako farasi wakubwa wa aina ya Shire bado wanavalishwa kikamilifu, kazi hiyo ya kupanga ingaliko. Ukutani imekoma, maana ukanda unanunuliwa ukiwa umeshapangwa.

Sitaki kuwapamba Wamakonde kupita kiasi. Shetani naye ameanza kugandishwa. Yapo maduka ya vinyago Dar es Salaam na Zanzibar yaliyojaa mashetani wadogo wa mkao mmoja, wamechongwa kwa haraka, wengine si mpingo bali mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Sicily nako mikokoteni midogo ya plastiki inauzwa kwa mafungu, ingawa wapo wachoraji waliohamishia Orlando na Rinaldo kwenye Ape, bajaji ya Kiitaliano iliyotoka kiwandani mwaka 1948 na kuwaondoa punda barabarani, na kazi hiyo naipenda sana kwa sababu imemrudisha Orlando kwenye chombo cha kazi.

Watu wa Walsall wangeweza kujitetea kwamba shaba si mti wala rangi, kwamba kitu cha kusubu lazima kirudierudie. Utetezi huo hausimami. Kalibu ya mchanga hutumika mara moja tu: shaba ikishaganda, mchanga unavunjwa ili kidani kitoke, kisha unafinyangwa upya kwa ajili ya kinachofuata. Kinachorudiwa ni kielelezo kinachogandamizwa kwenye mchanga, na hicho fundi anaweza kukichonga upya asubuhi yoyote. Kishetani wa pili wa Lincoln, yule aliyetoroka, anaweza kusubiwa akiwa njiani, akiwa juu ya gari la makaa, akiwa amempanda farasi wa Tom Pearce, bila tanuri wala mchanga kubadilika.